Msinisifu Miguu

Kuna sifa moja ambayo nimechoka kupewa. Nikiwa Nairobi, mtu akiniuliza natoka wapi na nikamjibu Lodwar, uso humng'aa halafu ananiambia: "Aah, watu wa Turkana! Nyinyi si mnatembea! Kilomita hamsini kwenu ni kama kwenda dukani." Huwa anasema kwa mapenzi kabisa. Wengine hata hunitazama miguu, kama mnunuzi wa mbuzi anayekagua kwato.

Sifa hiyo nimeisikia kwa wageni wa mashirika, kwa walimu waliohamishiwa kwetu, kwa madereva wa malori, na kwa viongozi wetu wenyewe wakiwa jukwaani. Watu wa kutembea hao. Wamezoea. Jua ni lao.

Naandika kuipinga. Sisemi ni uongo, maana tunatembea kweli. Ninachopinga ni kazi ambayo sifa hiyo inafanya. Ukishasema mtu amezoea, hudaiwi tena. Mtoto aliyezoea njaa hapikiwi mapema. Mama aliyezoea mzigo hasaidiwi kuutua. Na mji uliozoea kutembea haujengewi njia ya miguu, haupandiwi mti, hauwekewi daraja la kuvuka laga. Kwani wa nini? Si wamezoea?

Nianze na treni, ingawa kwetu haipo.

Kila mwaka kuanzia Septemba simu yangu hujaa picha za watu wa Ulaya na Marekani wakitembea mijini. Kwao ni msimu wa majani kudondoka. Wafasiri wetu huuita vuli, ingawa vuli ya Pwani ni mvua, na kwetu Turkana ni kungoja mvua. Watu hao hushuka kwenye treni ya abiria kituo kimoja au viwili kabla ya kwao, wakatembea hadi kituo kinachofuata, wakapiga picha ya jani jekundu, wakanunua kahawa, wakichoka wakapanda tena. London walifika mbali zaidi. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri ya jiji ilitoa ramani ya treni zake za chini ya ardhi inayoonyesha dakika za kutembea kati ya kituo na kituo. Yaani ofisi ya serikali ilikaa chini, ikahesabu hatua za mtu wa miguu, ikazichapisha.

Silicheki jambo hilo. Nalionea wivu.

Rafiki zangu wa Nairobi nao wamelidaka. Asubuhi moja ya Oktoba waliniita: tukutane kituo cha Makadara, tutembee hadi Imara Daima, jioni turudi na treni ya Syokimau. Nikaenda. Kati ya vituo hivyo viwili kuna viwanda, kuna Mukuru, kuna malori yanayorudi nyuma bila kuangalia, kuna mitaro iliyo wazi, na kuna njia ya miguu inayoanza vizuri, ikamezwa na kibanda, ikatokea tena mbele, halafu ikaisha kabisa kwenye lundo la kokoto. Mahali pengi njia bora ni reli yenyewe. Watu wanatembea juu ya mataruma wakisikilizia treni kwa sikio moja, kama wanavyofanya Kibera.

Mzee mmoja aliyevaa ovaroli akatuona tukipiga picha. "Vijana, mmepotea?"

"Hapana mzee, tunatembea tu."

"Kutembea tu?" Akasimama. "Mimi natembea hapa miaka ishirini, na hakuna siku mtu amenipiga picha."

Wenzangu walicheka, mimi nikanyamaza. Nimelifikiria neno lake mara nyingi tangu siku hiyo. Wapo watakaolitumia kutukejeli: ati nyinyi wa kutembea kwa raha mnachezea shida za watu. Mimi silioni hivyo. Mtaro uliotuzuia sisi ndio uliomzuia yeye. Lori lililotaka kutukanyaga sisi tuliokuwa na kamera halikuuliza nani anatembea kwa starehe na nani kwa sababu nauli imeisha. Tofauti ni kwamba sisi tulishangaa, na yeye ameshasahau kwamba inafaa kushangaa. Hapo ndipo mazoea yanapokula mtu.

Nairobi ni jiji la watu wa miguu hata kama halipendi kujiona hivyo. Zaidi ya theluthi moja ya safari zote za jiji hufanywa kwa miguu. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilitoa sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembeaji na waendesha baiskeli. Miaka saba baadaye, mwaka 2022, kilichofunguliwa kwa shangwe ni barabara ya kulipia inayopita hewani juu ya Mombasa Road, na chini yake watu wanaruka ukingo hadi ukingo. Wakati wa kuijenga, mugumo mmoja mkubwa wa Westlands uliokolewa Novemba 2020 kwa amri ya rais baada ya watu kupiga kelele. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini miti mingine mingi iliyokuwa kando ya barabara hiyo haikuwa na jina wala mtetezi. Ilikatwa, na kivuli chake kikaondoka nayo. Mwenye gari hakuona tofauti maana kivuli chake kiko juu ya dashibodi. Aliyeona ni mtu wa miguu.

Sasa njooni kwetu.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926 na hapo likakata shauri kwamba dunia imeisha. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, na kwa karibu miaka mia moja hakuna taruma hata moja lililoongezwa kuja upande wetu. Machi 2012 marais walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, wenye bandari, barabara, bomba la mafuta na reli ya kwenda Sudan Kusini kupitia Turkana. Mwezi huohuo ikatangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar. Mafuta hayakungoja reli. Mwaka 2018 yalitafutiwa malori yakaanza kushuka Mombasa, na 2019 yakapanda meli. Lami nayo imekuja, na namshukuru Mungu kwa lami, maana safari ya Kitale iliyokuwa ya kuvunja mgongo sasa ni ya kusinzia. Lakini angalia lami inapoingia mjini. Inapita katikati ya watu kama mgeni asiyesalimia. Pembeni yake, pale ambapo mtu anatakiwa kuweka mguu, ni mchanga, mawe, kingo iliyomomonyoka, boda zimeegeshwa, na mathenge yenye miiba inayotoboa hata akala.

Ah, akala. Hivyo ndivyo viatu tunavyosifiwa navyo pia. Tairi la gari likishakufa tunalikata, tunalifunga mguuni, tunatembea. Ukifikiria sana, hiyo ndiyo faida pekee ya uhakika ambayo gari limempa mtu wa miguu katika mji wetu.

Mimi naishi Kanamkemer. Kwa asiyejua, ni wadi ya Turkana ya Kati, sehemu ya mji wa Lodwar inayokua haraka kuliko mipango. Mabati mapya yanang'aa karibu na manyatta, vyumba vya kukodisha, makanisa, shule, maduka ya M-Pesa. Wakazi wengi wa Kanamkemer wana shughuli mjini: soko, hospitali, ofisi za kaunti, benki, stage ya magari ya Kitale na Kakuma. Boda mchana ni shilingi 50 ukiwa na mdomo mzuri. Usiku panda uone.

Mama yangu anasuka na kuuza vikapu vya mkoma. Kikapu kimoja kinaweza kumkalisha siku mbili. Akienda mjini na boda na kurudi na boda, shilingi 100 imeondoka kabla hajauza kitu, na kuna siku hauzi kitu. Kwa hiyo anatembea. Goti lake la kushoto limeanza kukataa. Anaondoka alfajiri jua likiwa bado lina adabu, na anarudi saa kumi na moja jioni. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi yeye ni mfungwa wa soko, kwa sababu kati ya soko na nyumba kuna jua la nyuzi 35 na zaidi na hakuna mahali pa kujificha. Hayo ni masaa sita ya maisha yake kila siku ya soko, yanayoliwa na ukosefu wa kivuli. Hakuna ripoti itakayoyaandika, kwa sababu kwenye ripoti mama yangu "amezoea".

Niliporudi kutoka Nairobi nilifanya kitu cha kitoto. Nilichora ramani. Kama London wana vituo vyao, na mimi nina vyangu. Nilitembea kutoka kwetu hadi mjini na daftari, na kila mahali ambapo mtu angeweza kusimama bila kuungua nikaandika kituo.

Kituo cha kwanza ni ewoi, mgunga mkubwa ambapo vijana wa boda husubiri abiria. Kivuli kizuri, ila saa saba mchana kimejaa pikipiki na mtu wa miguu anabaki pembeni. Kituo cha pili ni ukuta wa duka: una kivuli asubuhi tu, mchana unageuka tanuri. Cha tatu ni tangi la maji lililowekwa na watu waliokwishaondoka. Bomba lilivunjika lakini tangi bado linatoa kivuli cha mviringo, na mbuzi wanajua saa zake kuliko sisi. Cha nne ni kibanda cha mama wa chai, ambapo kukaa ni bure kwa dakika tano, baada ya hapo macho yake yanakwambia ununue. Halafu hakuna kitu. Kutoka hapo nilihesabu hatua 900 bila mti, bila ukuta, bila hata nguzo nene ya kusimama nyuma yake. Hatua 900 si nyingi. Ukiwa mzima na hujabeba kitu ni dakika kumi hivi. Zitembee saa nane mchana ukiwa na mimba, au na mtoto mgongoni na mtungi wa lita 20, ndiyo utajua dakika ina urefu gani.

Nimegundua kitu katika ramani hiyo. Vituo vyote vinne viko hapo kwa bahati. Hakuna hata kimoja kilichopangwa ili mtu apumzike. Mti uliota wenyewe, ukuta ni wa mwenye duka, tangi ni la mradi uliokufa, na chai ni biashara ya mtu. Kituo cha treni, hata kile kibovu kabisa cha Nairobi chenye bati linalovuja, kina maana moja kubwa: kuna mtu alikaa ofisini akakubali kwamba wewe unasafiri, kwamba utafika hapa umechoka, na kwamba unastahili kungojea mahali. Kituo kina jina. Ukiwa kwenye kituo hakuna anayekuuliza unafanya nini hapo.

Hili la kuulizwa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kijana akitembea usiku katika miji yetu anatakiwa kuwa na sababu. Mimi nimewahi kusimamishwa na maafisa fulani saa tatu usiku nikitoka mjini kwa miguu, nikaulizwa kitambulisho, nikaulizwa natoka wapi, nikaulizwa kwa nini sikupanda boda kama watu. Kama watu! Yaani kutembea kumekuwa ushahidi.

Na jambo hilo lina historia. Mwafrika wa Kenya wakati wa ukoloni alivaa kipande shingoni ili hatua zake zijulikane. Turkana yenyewe ilikuwa eneo lililofungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumficha Jomo Kenyatta na wenzake ilichagua kwetu. Kwanza Lokitaung, halafu mwaka 1959 Kenyatta akaletwa Lodwar, akakaa hadi 1961. Hawakuhitaji ukuta mrefu. Umbali na jua vilitosha. Jiulize: kama jua letu lilitosha kuwa ukuta wa gereza kwa Kenyatta, kwa nini leo likizungumziwa juu ya mama yangu linaitwa hali ya hewa tu?

Karibu kilomita 120 kutoka Lodwar kuna Kakuma. Kambi ilianza mwaka 1992, na kati ya waliofika mwanzo walikuwa wale vijana wa Sudan waliotembea kutoka kwao hadi Ethiopia, wakafukuzwa na vita mwaka 1991, wakatembea tena hadi kuingia Kenya. Dunia nzima iliwasifu kwa kutembea. Vitabu vikaandikwa, filamu zikatengenezwa. Halafu mkimbizi wa leo, aliyezaliwa Kakuma au aliyewekwa Kalobeyei tangu makazi hayo yafunguliwe 2016, akitaka kuja Lodwar kumwona rafiki yake anahitaji karatasi ya ruhusa. Watu walewale waliosifiwa kwa miguu yao ndio waliowekewa mipaka ya miguu. Mnaona sasa jinsi sifa inavyofanya kazi? Wanakusifu ulipotoka, wanakufungia unapotaka kwenda.

Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtu ana uhuru wa kutembea. Nasisitiza: kila mtu. Najua wanasheria wataniambia maana yake ni uhuru wa kwenda mahali, si kutembea kwa miguu. Sawa. Lakini kwa mtu asiye na gari wala nauli, kwenda mahali na kutembea kwa miguu ni kitu kimoja. Ukimwondolea njia, ibara hiyo kwake ni karatasi.

Kuna watu watanijibu, na majibu yao nayajua kwa sababu nimeyasikia kwenye mbao za boda, kwenye ofisi na kwenye kundi letu la WhatsApp.

La kwanza: unataka kuua kazi za vijana wa boda. Hapana. Ndugu yangu ni boda. Mtu wa boda ndiye anayekaa juani kuliko sisi wote, na ndiye anayegombana na mtembeaji kwa kivuli kimoja. Njia ya miguu inamtoa mtembeaji kwenye lami, boda anapumua. Na mtu mwenye haraka, mwenye mzigo, mgonjwa, atapanda tu. Boda inayomtegemea mtu anayeogopa kufa kwa jua si biashara nzuri. Hata ndugu yangu anasema hivyo akiwa hana kiburi.

La pili: Lodwar kuna jua, nani atatembea kwa hiari? Jibu hili huwa linatolewa na mtu aliye ndani ya gari lenye AC, na linathibitisha hoja yangu badala ya kuivunja. Kwa sababu kuna jua, ndiyo maana tunataka miti. Kama kungekuwa na baridi ningeomba kitu kingine.

La tatu ndilo zito, na sitalipita mbio. Mtu ataniambia: ndugu, Turkana ina watu 926,976 kwa sensa ya 2019. Mvua iligoma msimu baada ya msimu kuanzia 2020 hadi 2023, mifugo ikafa, watoto wakalala njaa. Na wewe unaleta habari za njia za miguu na viti vya kupumzikia? Una aibu kweli?

Nilikuwepo ukame ule. Niliwaona watu wakiingia mjini. Na nataka kuuliza: waliingiaje? Waliingia kwa miguu. Maji yalipokuwa mbali, yaliendewa kwa miguu. Chakula cha msaada kiliposhushwa mahali fulani, watu walikifuata kwa miguu na wakakibeba kurudi kwa kichwa. Mtoto mwenye utapiamlo alifikishwa kliniki mgongoni mwa mtu anayetembea. Njia ya mtu wa miguu ndiyo njia ya njaa, ya maji, ya dawa na ya shule. Anayeiona kama pambo la watu walioshiba hajawahi kumfuata mtu mwenye njaa aone anapita wapi.

Na mvua ikija, si nafuu pia. Mji wetu una Turkwel na una Kawalase. Kawalase ni laga: miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira ndani yake. Halafu mvua inanyesha mbali, milimani, ambako hujui hata kama kumenyesha, na ukuta wa maji ya kahawia unashuka. Kila mtu mzima wa Lodwar ana hadithi ya mtu aliyesimama ukingoni akingoja maji yapungue. Binti wa jirani alingoja hivyo tangu asubuhi akiwa na sare ya shule na kalamu mbili mfukoni. Maji yalipopungua, karatasi ya mtihani ilikuwa imeshakusanywa. Wenye magari makubwa walivuka mapema. Yeye alisifiwa kwa kuwa na subira.

Methali zetu nazo zimegawanyika. Kuna ile ya "mtembezi hula miguu yake", inayotumiwa kumkaripia mtu asiyetulia. Na kuna ile nyingine, "mtembea bure si sawa na mkaa bure". Mimi niko upande wa ya pili. Lakini nikiitazama ile ya kwanza kwa macho ya Kanamkemer naona ukweli ambao haukukusudiwa: hapa mtembezi anakula miguu yake kweli. Anakula goti, anakula kisigino, anakula masaa. Na anayetakiwa kumpa kitu kingine cha kula anampigia makofi.

Halafu kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Kusini ya mji wetu, katika kaunti hiihii, kuna mahali panaitwa Kanapoi. Hapo timu ya Meave Leakey ilipata mifupa ya kiumbe wa miaka kama milioni 4 iliyopita. Mwaka 1995 wakampa jina linalotokana na neno la Kiturkana la ziwa, anam. Mfupa wake wa muundi unaonyesha alitembea kwa miguu miwili. Kaskazini zaidi, Nariokotome, mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kati ya kokoto, na kutoka hapo ukatoka mwili karibu mzima wa kijana wa miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita, mwenye miguu mirefu kama ya binamu yangu. Makumbusho yanawaonyesha. Watalii wanawalipia. Kaunti inajiita chimbuko la binadamu, na naikubali heshima hiyo. Ila hebu tuelewane: hapa ndipo kati ya mahali pa kwanza duniani ambapo mtu alisimama akatembea, na baada ya miaka milioni 4 bado hatujaweza kumwekea njia ya upana wa mita mbili kutoka Kanamkemer hadi sokoni?

Ninachotaka kinaweza kuandikwa nyuma ya risiti. Njia ya miguu pande zote mbili za kila barabara ya lami ndani ya mji, iliyoinuliwa ili pikipiki isipande. Mti kila hatua 100, na uwe mti wa kwetu, ewoi au mwarobaini uliokwishazoea, si ua la kupamba mlango wa ofisi. Mtu alipwe kuumwagilia hadi ushike mizizi, kwa sababu tumeshaona miche ikipandwa mbele ya kamera Jumatano na kuliwa na mbuzi Ijumaa. Benchi chini ya mti wa kumi. Bomba la maji karibu na benchi. Madaraja ya miguu kwenye laga mahali ambapo watoto wanavuka, si mahali ambapo mkandarasi anaona rahisi. Taa. Na kila kituo kipewe jina, kwa Kiturkana, liandikwe kwenye kibao.

Gharama? Sina hesabu ya mhandisi. Najua tu kwamba mita moja ya njia ya kutembea haiwezi kuwa ghali kuliko mita moja ya barabara inayobeba tangi la mafuta, na hiyo ya mafuta ilipatikana. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Mikutano hiyo huhudhuriwa na wazee, machifu na watu wanaotaka soda. Vijana tunakaa nyumbani tukiandika mtandaoni kwamba hatusikilizwi. Nyinyi mnaosoma hapa mkiwa Githurai, Mwiki au Kisauni, kwenu nako kuna mkutano kama huo, na kuna mtaro kama wa Makadara. Nendeni na picha zenu. Yule mzee wa ovaroli alikuwa na haki ya kupigwa picha, ila picha hiyo ibandikwe kwenye meza ya mtu anayesaini hundi.

Mimi ramani yangu nimeitoa nakala 20. Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi natoka Kanamkemer kwa miguu hadi mjini, na tutakuwa wachache: ndugu yangu wa boda ameahidi kuja bila pikipiki, binti wa jirani anakuja, mama atakuja na vikapu vyake maana siku hiyo ni ya soko. Tutahesabu miti na hatua, tutaandika saa kivuli kinapoondoka kwenye kila kituo. Karatasi hizo zitaenda kwenye mkutano wa bajeti, zisomwe kwa sauti mbele ya watu, zipigwe muhuri wa kupokelewa. Ukiwa Lodwar njoo. Vaa kofia, beba maji lita mbili. Na ukinikuta njiani, nisalimie tu ejoka, nitakujibu ejok nooi, tuendelee.